Kuoanisha na Kuunganisha: Vipokea Sauti Visivyo na Waya na Vitenzi Viwili vya Kiswahili

Utangulizi

Katika zama hizi za teknolojia ya mawasiliano, vipokea sauti visivyo na waya vimekuwa bidhaa ya kawaida hata nje ya miji mikuu. Huko Kikambala, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malindi, baina ya Mtwapa na Vipingo, vijana huvivaa ndani ya matatu, ufuoni na hata juu ya bodaboda (jambo la hatari, ingawa si mada ya makala haya). Huuzwa katika vibanda vile vile vinavyouza chaja, kava na kadi za simu. Kijikaratasi cha maelezo kilichokunjwa ndani ya kasha aghalabu huwa kimeandikwa kwa Kiingereza na Kichina, kwa herufi zinazohitaji miwani. Kwa hivyo muuzaji ndiye mwalimu. Naye huichukua simu ya mteja, akagusa hapa na pale, akairudisha na neno moja tu: tayari. Mteja huenda zake akiwa na kifaa kinachofanya kazi, lakini hana elimu yoyote ya kumfaa siku kitakapogoma.

Makala haya yanashikilia kwamba sehemu kubwa ya kugoma huko haitokani na ubovu wa kifaa bali na mkanganyo wa dhana. Vitendo viwili vilivyo mbali mbali vinachukuliwa kuwa kimoja, na hata wanaovieleza kwa Kiswahili huvipa neno moja. Ilhali lugha yenyewe inavyo vitenzi viwili ambavyo, vikitumiwa kwa uangalifu, vinaeleza jambo lote.

Mfano wa mama na binti

Chukulia mama mmoja mkazi wa Kikambala ambaye bintiye anafanya kazi za nyumbani katika nchi mojawapo ya Ghuba. Mama usikivu wake umepungua, na nyumba imejaa wajukuu. Ujumbe wa sauti anaotumiwa na binti kwa WhatsApp husikika na kila mtu isipokuwa yule aliyekusudiwa. Binti, kwa kulijua hilo, anamtumia mama vipokea sauti ambavyo alikuwa akivitumia yeye mwenyewe. Mama anaviwasha, kitaa kinamweka, simu haivioni. Jirani anavigeuza geuza na kutoa hukumu kwamba vimekufa njiani.

Havijakufa. Vinaitafuta simu ya binti. Vipokea sauti vya aina hii vinapowashwa, kwa kawaida jambo la kwanza ni kuita kifaa ambacho vilikuwa navyo mara ya mwisho, na katika muda huo havijitangazi kwa wageni. Simu ya binti iko ng'ambo ya bahari, nayo simu ya mama ni mgeni. Ili mama asikie sauti ya mwanawe faraghani, panahitajika kitendo ambacho hakuna aliyemtajia: vipokea sauti hivyo vioanishwe upya na simu yake.

Nini hutendeka angani

Teknolojia inayohusika ni Bluetooth. Jina hili linatokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, yaani Jino la Buluu, na lilipendekezwa mwaka 1997 na Jim Kardach wa kampuni ya Intel kama jina la muda tu. Mwaka 1998 kampuni tano (Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba) ziliunda umoja wa kuisimamia teknolojia hiyo, na jina la muda likadumu. Kwa kuwa ni jina la pekee, hakuna haja ya kulitafsiri. Anayesema "jino la buluu" dukani atachekwa, na atakuwa amestahili.

Vifaa vya Bluetooth huwasiliana kwa mawimbi ya redio katika masafa ya karibu gigahezi 2.4, ambayo pia hutumiwa na Wi-Fi na hata tanuri za mikrowevu. Ili kukwepa msongamano, Bluetooth ya kawaida hugawa nafasi yake katika mikondo 79 na kuruka kutoka mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa sekunde. Simu na vipokea sauti sharti viruke pamoja, kwa mpangilio mmoja, mithili ya wachezaji wa ngoma waliozoeana. Mawimbi haya ni dhaifu kwa makusudi, kwani kifaa kidogo cha sikioni kina betri ndogo. Kwa vifaa vingi umbali wa kutegemea ni kama mita 10, nao hupungua penye ukuta mnene. Mwili wa binadamu pia huyafyonza, maana sehemu yake kubwa ni maji. Ndiyo sababu sauti huweza kukatika kwa aliyeweka simu katika mfuko wa nyuma wa suruali, na ikatulia anapoihamishia mfuko wa shati.

Kuoanisha

Kabla ya kuruka pamoja, vifaa hivi lazima vijuane. Katika kujuana huko kila kimoja humpa mwenziwe anwani yake, vikakubaliana juu ya ufunguo wa siri, kisha kila kimoja kikauhifadhi ufunguo huo katika kumbukumbu yake. Hicho ndicho kitendo ambacho tafsiri ya Kiswahili katika simu za Android hukiita kuoanisha.

Neno hili linastahili kutazamwa kwa jicho la mwanaisimu. Mzizi ni oa. Kiambishi cha kutendana kinazaa oana. Kiambishi cha kusababisha kinazaa oanisha. Muundo wenyewe unabeba maana inayotakiwa: pande mbili zinakubaliana, na yuko wa tatu anayewakutanisha. Mtumiaji wa simu si bwana wala bibi harusi, ni mshenga. Fauka ya hayo, kuoana ni tendo la mara moja ambalo athari yake inadumu. Mume akisafiri miezi sita, ndoa haifungwi upya anaporudi. Vivyo hivyo, vipokea sauti vilivyozimwa usiku kucha bado vimeoanishwa na simu asubuhi.

Kuunganisha ni jambo jingine. Hapa vifaa vinavyojuana tayari vinafungua njia ya kupitishia sauti wakati huu. Njia hufunguka kila vipokea sauti vinapotolewa katika kikasha chake na hufungika vinaporudishwa. Nacho kitenzi hiki kina umbo lile lile: unga, ungana, unganisha. Tofauti ni kwamba kuunganisha kuna kinyume chepesi cha kila siku, yaani kutenganisha, ilhali kinyume cha kuoanisha ni kizito zaidi. Watengenezaji wa simu hukiita kusahau. Kwa kufuata sitiari hii mtu angetarajia "kutaliki", lakini kusahau ni neno sahihi zaidi: simu inafuta ufunguo kwenye kumbukumbu yake, basi.

Na hapo pana mtego. Simu ikisahau, vipokea sauti bado vinakumbuka. Kimoja kinao ufunguo, kingine hakina, na jaribio la kuungana linaweza kukataliwa bila maelezo. Mtumiaji huzima na kuwasha, huzima na kuwasha, akidhani tatizo ni la kuunganisha ilhali ni la kuoanisha. Dawa ni kufuta kumbukumbu pande zote mbili, kwenye orodha ya simu na kwenye vipokea sauti vyenyewe, kisha kuanza mwanzo.

Hatua zenyewe si nyingi. Vipokea sauti huwekwa katika hali ya kuoanishwa. Katika vingi hili hufanywa kwa kubonyeza na kushikilia kitufe, cha kifaa chenyewe au cha kikasha, kwa sekunde kadhaa mpaka kitaa kianze kumweka kwa namna tofauti na ya kuwashwa tu. Kushikilia ndiko kunakosahaulika: anayebonyeza na kuachilia amewasha tu. Kisha kwenye simu hufunguliwa mipangilio, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na kuguswa "Oanisha kifaa kipya". Jina la vipokea sauti likitokea, huguswa na kukubaliwa. Tangu hapo kinachobaki ni kuunganisha tu, na kwa kawaida vifaa hufanya hivyo vyenyewe. Mama wa mfano wetu angehitaji kutendewa haya mara moja. Iwapo siku moja binti atarudi likizoni na simu yake ikavidaka vipokea sauti kabla ya ile ya mama, hilo pia lisimshangaze mtu: vipokea sauti vingi huhifadhi funguo za simu kadhaa kwa pamoja, na hapa sitiari ya ndoa inakuwa ya mitala.

Kwenye tarakilishi

Kwa tarakilishi utaratibu ni ule ule, ila yapo mambo mawili yanayowasumbua hasa wanafunzi. La kwanza ni kwamba tarakilishi nyingi za mezani, hususan za zamani, hazina redio ya Bluetooth ndani yake. Hakuna mpangilio wowote utakaovifanya vipokea sauti vionekane, mpaka kichomekwe kifaa kidogo cha Bluetooth kwenye tundu la USB.

La pili ni la kushangaza zaidi. Mwanafunzi anasikiliza muziki kupitia vipokea sauti vyake, sauti safi kabisa. Anaingia katika mhadhara wa mtandaoni, na papo hapo sauti inakuwa nyembamba na ya puani, kana kwamba mhadhiri anazungumzia ndani ya mtungi. Analaumu mtandao. Kumbe Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. Moja ni ya kusikiliza tu, pana, ya masikio mawili. Nyingine ni ya mazungumzo, yenye kwenda na kurudi, iliyobuniwa kwa ajili ya simu, na katika umbo lake la awali huchukua sampuli 8,000 tu za sauti kwa sekunde, ikilinganishwa na 44,100 za diski ya muziki. Programu ya mkutano inapoiomba maikrofoni ya vipokea sauti, tarakilishi huhamia njia ya pili. Suluhisho ni rahisi: katika mipangilio ya sauti ya programu hiyo, ichaguliwe maikrofoni ya tarakilishi yenyewe, vipokea sauti viachiwe kazi ya kusikilizisha. Mfumo mpya wa sauti wa Bluetooth, ambao vipengele vyake vilikamilishwa mwaka 2022, unakusudiwa kuondoa kero hii, lakini unahitaji vifaa vya pande zote mbili viwe vya kizazi hicho.

Suala la istilahi

Mswahili wa kibandani hasemi kuoanisha. Huenda akasema "kukonekti" kwa yote mawili, au "kupea". Umbo hili la mwisho lina vichekesho vyake. Kiswahili kilikwisha kukopa nomino pea kwa maana ya jozi, kama katika pea ya viatu, kwa hiyo kitenzi chake kingeweza kukubalika. Hata hivyo Kiswahili sanifu kina kitenzi pea chenye maana ya kukomaa au kufikia kilele, ambacho ndicho chanzo cha upeo. Na katika mazungumzo ya Wakenya wengi "kupea" ni kumpa mtu kitu. Anayeambiwa "pea simu" aweza kuinyosha mkononi mwa msemaji. Kwa mintarafu hii oanisha lina nguvu zaidi, kwa kuwa halina mpinzani wa sauti.

Wapo watakaopendekeza jozi kuwa msingi, kwa kuwa ndiyo tafsiri ya moja kwa moja. Pingamizi ni kwamba jozi hudokeza vitu viwili vya aina moja, nazo simu na vipokea sauti si vya aina moja. Isitoshe, neno hilo linahitajika penginepo. Vile vidude viwili vya masikioni, cha kulia na cha kushoto, ni jozi kwelikweli, na katika aina nyingi navyo huwasiliana baina yao kwa redio. Kimoja kikinyamaza ilhali mwenziwe anasikika, tatizo huwa limo ndani ya jozi wala si kati ya jozi na simu, na dawa ya kwanza ni kuvirudisha vyote viwili katika kikasha chao, vikachaji, kisha vikatolewa pamoja.

Kuhusu jina la kifaa chenyewe hakuna mwafaka. Vipokea sauti, visikilizio, spika za masikioni na hedifoni vinashindana, kama zilivyoshindana ngamizi, tarakilishi na kompyuta. Ushindani huo hauna madhara makubwa, maana kifaa chaweza kunyoshewa kidole. Kitendo hakinyoshewi kidole.