BIBI NA MTUMISHI WAKE
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Songea

Natumaini mmekwisha kuketi, na mwalimu wenu ameandika ubaoni neno letu la leo: TABAKA.

Ninyi mliowahi kuchimba kisima mnalijua jambo hili kwa macho. Juu pana udongo mweusi. Chini yake udongo mwekundu. Ukizidi kuchimba unafika kwenye mawe. Kila udongo umelalia mwenzake, na hayo ndiyo matabaka. Watu nao hupangwa vivyo hivyo, kwa mali, kwa ukoo na kwa kazi. Tofauti ni kwamba udongo haujui kuwa umekaliwa.

Leo tutawatazama wasichana wawili walio katika mchezo wa kuigiza uitwao "Mabepari wa Venisi". Mchezo huu uliandikwa na Mwingereza William Shakespeare, yapata mwaka 1596 au 1597. Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili alipokuwa Rais, na kitabu kikapigwa chapa mwaka 1969. Angalieni jina alilokipa. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja tu. Mwalimu aliandika Mabepari, yaani wengi. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, na neno bepari lilikuwa midomoni mwa watu. Basi jina peke yake linatuambia tuulize: Nani ana fedha hapa, na fedha hizo zinamfanyia nini?

Wasomaji wengi humkumbuka Shylock, Myahudi mkopesha fedha, anayedai ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio kwa deni la dukati 3000. Dukati ilikuwa sarafu ya dhahabu ya Venisi. Shylock anastahili somo lake mwenyewe. Sisi twende Belmont, nyumbani kwa Portia.

Portia ni tajiri, na baba yake amefariki. Marehemu aliacha wosia wa ajabu. Kuna masanduku 3: la dhahabu, la fedha na la risasi. Katika moja mna picha ya Portia. Mwanamume atakayelichagua hilo ndiye atakayemwoa. Portia hawezi kumchagua ampendaye, wala hawezi kumkataa asiyempenda. Ana nyumba kubwa, ana mashamba, ana watumishi, lakini hana ruhusa ya kusema "Namtaka huyu." Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hiari ya hao wawili wanaooana. Wosia ule usingesimama mbele yake.

Nerissa ni mtumishi wake. Si mpishi wala mfagiaji. Kazi yake ni kuwa karibu na bibi, kumsikiliza na kumshauri. Ndiyo maana wasomaji wengine hudhani kuwa hawa wawili ni marafiki tu. Mara ya kwanza tunapowaona, Portia analalamika kwamba amechoka na dunia. Nerissa anamjibu kwa adabu kwamba aliyeshiba kupita kiasi huugua sawasawa na mwenye njaa. Msichana huyu ana akili. Lakini ona: anazitumia kumtuliza mtu mwingine.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa pana jambo kubwa. Anakuja Bassanio, kijana ambaye Portia anampenda. Anachagua sanduku la risasi, na picha imo. Portia kwa furaha anamvisha pete, na kumwambia kuwa tangu saa ile nyumba, watumishi, na yeye mwenyewe ni mali ya Bassanio. Nyumba, watumishi, na mimi! Nerissa amesimama hapo hapo. Naye amo katika hesabu. Bibi amejitoa mwenyewe kwa mumewe, na kwa neno lile lile amemtoa na mtumishi wake.

Mara Gratiano, rafiki wa Bassanio, anasema kuwa yeye na Nerissa wamekubaliana kuoana. Kumbe Nerissa alikuwa ametoa ahadi, lakini kwa sharti: ataolewa ikiwa Bassanio atampata Portia. Portia anamwuliza kama ni kweli. Nerissa anajibu kuwa ni kweli, ikiwa bibi yake anaridhia.

Basi yupi kati yao alikuwa huru? Nerissa alimchagua mwanamume wake mwenyewe, jambo ambalo bibi yake alinyimwa. Lakini uchaguzi wake ulining'inia kwenye bahati ya bibi. Kama Bassanio angegusa sanduku la dhahabu, Nerissa naye angemkosa Gratiano, ingawa hakuna wosia wowote uliomtaja.

Baadaye inakuja habari kuwa Antonio yuko hatarini. Portia anaamua kwenda mahakamani Venisi akiwa amevaa nguo za kiume. Nerissa anakwenda naye, lakini hakuulizwa. Anaambiwa tu kwamba kuna kazi ambayo bado haijui. Portia ana binamu huko Padua, Daktari Bellario, mjuzi wa sheria, na ana mtumishi wa kumtuma kwake kuleta joho na maelezo. Wengi humsifu Portia kwa akili yake, nami namsifu. Lakini akili ile ilikuwa na jamaa, na ilikuwa na tarishi.

Wote wawili wanavaa suruali, na hakuna anayewatambua. Je, sasa wako sawa? Portia ni mwanasheria. Nerissa ni karani wake. Wamebadili nguo, wamebadili hata jinsia machoni pa watu, lakini tabaka limekwenda nao mpaka mahakamani. Katika onyesho lile refu Nerissa anasema mara 2 tu.

Nisiwafiche jambo jingine. Mwanamfalme wa Moroko, mtu mweusi, anapokosea sanduku na kuondoka, Portia anaomba wenye rangi kama yake wote wachague vivyo hivyo. Msomaji Mwafrika hawezi kulipita neno hilo bila kusimama. Mtu aliyefungwa na wosia wa baba yake bado alikuwa na wa kumdharau.

Nerissa anapata saa yake mwisho wa mchezo. Gratiano ameitoa pete aliyopewa na Nerissa, na anajitetea kwamba ni kitu cha bei ndogo. Nerissa anamkatalia. Anauliza, kwa nini unataja bei? Uliapa kuivaa mpaka kufa. Pete ya Portia nayo imetolewa na mumewe, na kosa ni lile lile. Hapo, nadhani, ndipo mahali pekee ambapo wanawake hawa wanasimama ardhi moja.

Mchezo unataja dukati 3000 za deni. Unataja dukati 6000 ambazo Portia yuko tayari kulipa bila kufikiri mara 2. Gratiano anataja dukati 1000 za kushindania nani atapata mtoto wa kiume kwanza. Mshahara wa Nerissa hautajwi popote.

Wasichana wengi wa mkoa wetu hutoka vijijini kuja Songea mjini, na wengine hufika Dar es Salaam, kufanya kazi za nyumbani. Wewe unayefika darasani umechelewa kwa sababu ya vyombo vya watu, na wewe mama uliyeajiri msichana na leo mmekaa benchi moja, nawaomba mzungumze juu ya sehemu ile ya nyumba na watumishi. Semeni kwa heshima, lakini semeni.

Halafu fungueni madaftari. Kila mtu aandike barua fupi, mistari 10. Nerissa amerudi Belmont, ni usiku, anamwandikia mama yake. Anamwambia nini? Msisahau tarehe na anwani. Mwalimu atazisoma siku ya Alhamisi.

Kwaherini.