Kuimba Mbele ya Walimu wa Chuo cha Marekani

Wako vijana wanaouliza habari za vyuo vya Marekani vinavyofundisha michezo ya kuigiza yenye nyimbo na densi. Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, kilianza masomo ya digrii ya uigizaji mwaka 1914. Huko cheti kizuri peke yake hakitoshi.

Kijana hujaza fomu, na vyuo vingi hutaka video kwanza. Wanaopita huitwa chuoni, au New York, Chicago ama Los Angeles, ambako vyuo kadhaa hukutana mwanzoni mwa mwaka. Tangu korona ya 2020, vingine huwasikiliza walio mbali kwa intaneti.

Hapo mtu huimba vipande viwili visivyofanana, mara nyingi vipimo 16 au 32 tu vya muziki. Ni kama dakika moja, basi! Mpiga piano hamjui, kwa hiyo karatasi za noti ziwe safi, na amwonyeshe mwendo kwa kuimba kidogo kwa sauti ya chini, si kwa kumlizia vidole kama anaita mbwa. Halafu husema maneno ya mhusika, na kucheza densi aliyofundishwa papo hapo. Mwalimu akimwambia, "Rudia, lakini kwa hasira," anataka kuona kama anafundishika.

Shida ni pesa. Vyuo vingi vina ada ya fomu, na wengi hujaribu vyuo kumi au zaidi. Kikundi kikiombwa harambee ya tikiti ya ndege, kiulize: video imepita? Na karo ya miaka minne itatoka wapi?