Gharama ya veranda ya wavu: Tazama kwanza mwanya wa paa

WENGI wa wenye nyumba katika kaunti za Migori na Homa Bay wanaonuia kuongeza veranda ya wavu wa kuzuia mbu huanza kwa kuuliza bei ya wavu. Kumbe kinachomeza fedha ni saruji ya sakafu, nguzo, mabati, mlango wa springi na ujira wa fundi.

Veranda ya mita nne kwa mbili, iliyoegemezwa ukutani, ina pande tatu zilizo wazi, jumla ya mita nane. Wavu ukiinuliwa mita mbili, zahitajika mita 16 za mraba.

Hata hivyo, mbu wa anofelesi anayeeneza malaria huuma zaidi usiku wa manane, na njia yake kuu ni ule mwanya ulioachwa kati ya ukuta na paa ili joto na moshi vitoke. Aliyejenga veranda na kuuacha mwanya huo amejinunulia starehe ya jioni tu.

Kuuziba ni kazi ndogo. Nyumba ya mita sita kwa tano ina mzingo wa mita 22. Kipande cha wavu chenye urefu wa mita sita na upana wa mita moja, kikipasuliwa kwa urefu mara nne sawa, hutoa ukanda wa mita 24 wenye upana wa sentimita 25. Hilo latosha, pamoja na misumari na siku moja au mbili za fundi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Gambia ulionyesha kuwa nyumba zilizowekwa wavu milangoni, madirishani na kwenye mianya ya paa zilipunguza mbu kwa asilimia 59. Zilizopewa dari ya wavu pekee, asilimia 47. Upungufu wa damu kwa watoto nao ulishuka.

Suala hili ni zito. Uchunguzi wa kitaifa wa 2020 ulikuta malaria kwa asilimia 19 ya watoto wa eneo la Ziwa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia sita. Hii ni licha ya unyunyizaji wa dawa ukutani ulioanza tena Migori mwaka 2017 na Homa Bay mwaka uliofuata.

Wanaopikia ndani kwa kuni wakumbuke kuwa masizi huziba matundu ya wavu. Huoshwa kwa brashi na sabuni, la sivyo moshi hubaki chumbani.