Tarehe 4 Aprili katika Nchi ya Wamasai

Watu wa Senegal huiadhimisha tarehe 4 Aprili kwa kuwa siku hiyo, mwaka 1960, yalitiwa sahihi mapatano ya uhuru wao na Ufaransa. Watu wa Angola nao huikumbuka kwa amani iliyotiwa sahihi mwaka 2002, baada ya vita vya miaka mingi. Katika nchi ya Wamasai tarehe hiyo ina habari nyingine, nayo yafaa kujulikana na kila apitaye Kitengela kwenda Kajiado.

Mwaka 1904 Serikali ya Kiingereza ilipatana na wakuu wa Wamasai kuwa waliache Bonde la Ufa kwa walowezi. Walipewa sehemu mbili: Laikipia upande wa kaskazini, na upande wa kusini nchi iliyo leo ya Kajiado. Waliahidiwa kwamba sehemu hizo zitakuwa zao maadamu kabila lao lipo. Ahadi hiyo haikutimiza miaka saba. Mwezi Machi 1911 alifariki Olonana, laibon mkuu, na kabla mwezi mmoja haujapita, tarehe 4 Aprili, yakaandikwa mapatano ya pili: Wamasai wa Laikipia wahamie kusini pamoja na mifugo yao yote.

Wengine hawakukubali, wakapeleka mashtaka katika Mahakama Kuu, Mombasa. Mwaka 1913 majaji walisema kwamba Wamasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, na kwamba mapatano yale ni ya dola mbili, hivyo mahakama haina mamlaka juu yake. Hoja ya ajabu hiyo! Mtu huondolewa kwake kwa amri ya Serikali, kisha huambiwa kuwa yeye ni mgeni kwake.

Basi watu na mifugo wakakusanyika kusini. Baada ya Uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliwawezesha wafugaji kumiliki ardhi kwa ranchi za kikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, kila mwenye haki akapewa hati yake, na wengi wakauza. Ndiyo sababu nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi kufuata malisho wakati wa mvua hukuta seng'enge pale walipokuwa wakipita zamani pamoja na ng'ombe.