Fahamu: Kwa nini fomu ya mtandaoni hukuuliza kaunti kwanza

Ukijaza fomu ya basari mtandaoni, mara nyingi orodha ya wadi hubaki tupu hadi uchague kaunti, kisha eneo bunge. Hizo ni menyu kunjuzi tegemezi: jibu la kwanza huamua machaguo yanayofuata. Kenya ina wadi 1,450. Nani ataziperuzi zote kwenye simu?

Huku Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, kuna sababu nzito zaidi, nayo ni majina yanayofanana. Borabu ni eneo bunge la Nyamira, ilhali Bomachoge Borabu liko Kisii. Nyaribari Masaba ni la Kisii, Kitutu Masaba ni la Nyamira. Ndiyo maana mtengenezaji makini wa fomu huunganisha orodha kwa namba, si kwa majina: Kisii ni 045, yenye maeneo bunge 9, Nyamira ni 046, yenye 4.

Kasoro hujitokeza mtu anapobadilisha kaunti. Orodha ya chini isipofutwa papo hapo, fomu hutumwa ikiwa na Nyamira juu na Bobasi, ambalo ni la Kisii, chini yake. Seva nayo lazima ikague upya, maana kinachotoka kwenye kivinjari huweza kuchezewa. Na pale mtandao unaposuasua, afadhali majina yote yapakuliwe mara moja. Uzito wake haufikii hata picha moja ya simu.