Protini ya Binadamu, Kiwanda cha Hamsta

Mwaka 1977, Eugene Goldwasser na wenzake wa Chicago walitangaza kwamba wameisafisha erithropoietini ya binadamu, homoni inayotoka kwenye figo kuuhimiza uboho utengeneze chembe nyekundu za damu. Malighafi yao ilikuwa mkojo: lita 2,550 zilizokusanywa Japani kutoka kwa wagonjwa ambao uboho wao ulikuwa umeshindwa kazi. Mwisho wa kuchuja kote huko, walipata takriban miligramu 10.

Siku hizi maabara huiagiza homoni hiyohiyo kama inavyoagiza glavu. Mageuzi yalikuja mwaka 1985, jeni yake iliponakiliwa. Jeni hiyo hupachikwa kwenye plasmidi, yaani DNA ya duara, kisha huingizwa ndani ya seli ngeni. Seli hiyo husoma maelekezo na kuunda protini ambayo yenyewe haiihitaji hata kidogo. Ya binadamu ni hayo maelekezo tu.

Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mwanafunzi anayeagiza protini huwa moja: imetengenezwa na seli gani? Wengi hutazama bei kwanza, na bakteria *E. coli* ndiye fundi wa bei nafuu. Hukua haraka, chakula chake rahisi. Lakini hana uwezo wa kupachika minyororo ya sukari kama seli zetu, na erithropoietini ina minyororo minne kama hiyo, inayobeba karibu asilimia 40 ya uzito wake. Ukiimwaga ile isiyo na sukari kwenye chupa ya seli, seli zitaitikia vizuri tu. Mchome panya, nayo huondolewa kwenye damu upesi mno, hata usione badiliko la maana. Mtafiti asiyelijua hilo ataandika kwamba homoni haifanyi kazi.

Kwa sababu hiyo dawa ya erithropoietini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1989 kwa wagonjwa wa figo, hutengenezwa na seli za ovari ya hamsta wa Kichina. Hizo hupachika sukari, ingawa si sawasawa kabisa na za figo zetu. Tofauti hiyo ndogo ndiyo huwaumbua wanariadha wanaojidunga homoni hii, wakiwamo wakimbiaji kadhaa wa Kenya waliofungiwa: mbio zao ni za kwao, sukari ni ya hamsta.

Bakteria ana kasoro nyingine. Mabaki ya ukuta wake, yaitwayo endotoksini, huzichokoza seli za kinga hata yakiwa kidogo sana. Ukipima uvimbe, unaweza kuipa protini sifa ya uchafu wake. Kiwango cha endotoksini huandikwa kwenye cheti cha bidhaa. Kisomwe kabla ya kulipa.

Kichupa chenyewe kikifika huonekana kitupu. Ni mikrogramu chache za unga mkavu, mara nyingi umerushwa hadi kwenye kifuniko, kwa hiyo kizungushwe kwanza kwenye sentrifuji ndipo kifunguliwe. Ukishayeyusha, gawa kwenye vichupa vidogo na kugandisha, maana kuyeyusha na kugandisha tena na tena huiharibu protini. Lebo itasema ni kwa utafiti pekee. Maana yake hakuna aliyekikagua kama dawa, hivyo asidungwe mtu, hata kama jina lililoandikwa ni lilelile la hospitalini.