Kabla Jina la Kisanskriti Halijabandikwa Kwenye Chupa

Mwaka 1978 msusi mzaliwa wa Austria, Horst Rechelbacher, alianzisha mjini Minneapolis, Marekani, kampuni ya vipodozi vya mimea. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa shampuu ya karafuu. Kabla ya hapo alikuwa amemsikiliza mwalimu wa yoga, Swami Rama, akasafiri hadi India kujifunza, na huko akavutiwa na Ayurveda, elimu ya tiba iliyoandikwa kwa Kisanskriti tangu kale. Kampuni yake akaiita Aveda, jina linaloelezwa kuwa ni la Kisanskriti lenye maana ya maarifa yote. Mwaka 1997 kampuni ya vipodozi ya Estée Lauder iliinunua kwa takriban dola milioni 300.

Kibiashara, jina hilo lilifana. Hata hivyo, aliyesoma Kisanskriti akiliona lazima asite kidogo. Veda ni maarifa, lakini a fupi ikitangulia neno kwa kawaida hulikanusha: himsa ni kudhuru, ahimsa ni kutodhuru. Kwa kanuni hiyo, Aveda inaweza kusomeka kama kukosa maarifa. Irabu ndefu mwanzoni ingebadili maana, ila herufi za kawaida za Kilatini hazionyeshi urefu wa irabu.

Wanunuzi wa mwanzo huko Minneapolis hawakuwa na habari hiyo. Siku hizi chupa ya mafuta ya nywele inatangazwa mtandaoni na kuonekana siku hiyohiyo Mumbai, Leicester na Nairobi, kwa watu ambao maneno ya Kisanskriti wanayajua kutoka kwenye sala zao na majina ya watoto wao. Ndiyo maana anayetaka jina la Kisanskriti kwa bidhaa yake ya mitishamba anahitaji kumwonyesha msomi wa lugha hiyo kabla ya kumlipa mchoraji wa nembo.

India yenyewe ina mifano ya majina yaliyodumu. Mwaka 1930 M. Manal alianzisha kampuni ya dawa huko Dehradun, mji ulio chini ya milima ya Himalaya, akaipa jina la milima hiyo. Hima ni theluji, alaya ni makao. Kwa mujibu wa simulizi ya kampuni, aliweka rehani vito vya mama yake ili anunue mashine ya kutengeneza vidonge, ile ya kuendeshwa kwa mkono. Mwaka 1934 ilitoka Serpina, dawa ya shinikizo la damu iliyotokana na mzizi wa Rauwolfia serpentina. Jina Himalaya halimgusi mungu wa mtu yeyote, linatamkika kirahisi karibu kila mahali, na linataja eneo ambalo kampuni ilizaliwa kweli.

Wengine walichagua majina ya watu wa kale. Charak Pharma, iliyoanzishwa mwaka 1947, imebeba jina la Charaka, tabibu anayehusishwa na mojawapo ya vitabu vikuu vya Ayurveda. Patanjali Ayurved, ya mwaka 2006, imechukua jina la mwanazuoni wa yoga. Jina la namna hii huikopesha bidhaa heshima ya mwenye jina, na mnunuzi hutarajia heshima hiyo ilindwe. Mwaka 2024 Mahakama ya Upeo ya India iliibana Patanjali Ayurved kwa matangazo ya kupotosha kuhusu uwezo wa dawa zake kutibu maradhi, na viongozi wake wakaomba radhi hadharani kwenye magazeti.

Majina ya miungu na vitabu vitakatifu yana uzito wa aina nyingine. Sheria ya alama za biashara ya India ya mwaka 1999 inakataza alama inayoweza kuumiza hisia za kidini. Mwaka 2015 Mahakama ya Upeo iliamua kesi ya mfanyabiashara aliyetaka neno Ramayan liwe alama yake ya udi. Ilisema jina la kitabu kitakatifu haliwezi kumilikiwa na mtu mmoja kama alama ya biashara. Hata mahali ambapo sheria iko kimya, sabuni ya miguu yenye jina la Lakshmi, mungu wa kike wa Wahindu, itamuudhi jirani Mhindu, na ana haki ya kuudhika.

Kwa soko la Waswahili kuna jambo la matamshi ambalo washauri wa ng'ambo hawalioni. Kisanskriti kikiandikwa kwa herufi za Kilatini hujaa dh, th, gh, kh na ph, na h hapo ni pumzi inayofuata konsonanti. Mswahili atasoma dh ya ashwagandha kama ile ya dhahabu, na triphala wengi wataiita trifala. Kuna pia maneno yanayogongana na yetu. Soma ni kinywaji cha ibada kinachosifiwa katika Rigveda. Kwa msomaji wa Tanga au Mombasa, neno hilo ni agizo la kufungua kitabu. Kama, kwa Kisanskriti matamanio, hapa ni neno la kulinganisha. Jina lisomwe kwanza kwa sauti dukani, na mtu ambaye hajaelezwa chochote.

Baada ya hapo linakuja suala la umiliki. Ayurveda, tulsi na ashwagandha ni majina ya elimu na mimea, hivyo kila mtengenezaji ana haki ya kuyatumia, na neno linalotaja tu kilichomo ndani ni gumu kusajiliwa peke yake. Njia iliyozoeleka ni kuunda jina la pekee, kisha kulitaja la mmea pembeni yake. Tanzania Bara usajili hufanywa BRELA, Zanzibar BPRA, Kenya KIPI. Usajili wa Bara hauvuki hadi Zanzibar. Katika madaraja ya alama za biashara, vipodozi huingia daraja la 3, dawa na virutubisho daraja la 5, chai daraja la 30, kwa hiyo mwenye sabuni na majani ya chai chini ya jina moja aombe madaraja yote husika.

Na kama kilichomo ni mwarobaini wa Kilifi na mchaichai wa Muheza, jina la Kisanskriti linamdanganya mnunuzi kuhusu asili ya bidhaa. Mitishamba hiyo ina majina yake, na mwarobaini unajulikana pwani yote.

Kisanskriti kinafaa pale kilichomo kinapotoka kwenye elimu hiyo kweli, na triphala ni mfano safi. Tri ni tatu, phala ni tunda, na unga huo una matunda matatu yaliyokaushwa na kusagwa. Mtengenezaji mwaminifu huyataja nyuma ya kopo kwa majina ya kisayansi: Phyllanthus emblica, Terminalia chebula na Terminalia bellirica, pamoja na uzito wa kila moja na mahali lilikovunwa.